Taa ya cheki injini imewaka: maswali yenu na majibu

Safari hii maswali ya magari yaliyotufikia karibu yote yanahusu kitu kimoja, ile taa ya njano yenye picha ya injini kwenye dashibodi, kwa hiyo ukurasa wote tumeuachia yenyewe. Maswali nimeyafupisha maana mengine yalikuwa marefu sana, ila mwenye swali lake atalijua.

SWALI: Fundi shikamoo. Nina gari ndogo ya petroli, juzi nikiwa barabarani taa ya cheki injini ikawaka ghafla. Gari haina shida yoyote, inavuta vizuri, haichemshi, mafuta inakula kama kawaida. Mwenzangu mmoja kazini kaniambia niipaki nisiiguse kabisa, mwingine anasema nitembee nayo tu, yeye ya kwake inawaka mwaka wa pili huu. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usimsikilize hata mmoja kati ya hao wawili. Kitu cha kwanza kabisa ni kuangalia taa inawakaje, imetulia au inapepesa, yani inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Ikiwa inapepesa hiyo ni habari nyingine na jibu lake liko kwenye swali linalofuata. Ikiwa imetulia kama ya kwako na gari inaenda vizuri, unaweza kuendesha, taratibu bila kulazimisha, ila uipeleke ikapimwe ndani ya siku chache na sio ikae mwaka.

Kabla hujafika huko cheki mwenyewe vitu vinavyocheki kirahisi. Mshale wa joto uko wapi? Kuna taa nyingine yoyote nyekundu? Maana taa nyekundu ya oili au ya joto haina mjadala, unasimama pembeni, unazima injini, hata kama umebakiza kona moja ufike. Watu wengi wanachanganya hizi taa, wanaogopa ya njano wanaidharau nyekundu. Paki sehemu tambarare injini ikiwa imezimwa, chomoa kijiti cha oili uangalie kiwango, maji ya rejeta angalia injini ikiwa imepoa (usifungue mfuniko wa rejeta ikiwa ya moto, utaungua vibaya), halafu angalia mfuniko wa tenki la mafuta kama umekaza mpaka ukalia. Kuna magari, hasa yaliyotengenezwa kwa soko la Marekani, yanapima kama mvuke wa petroli unatoroka kwenye tenki, na mfuniko uliolegea au mpira wake uliokatika unatosha kabisa kuwasha taa. Ukiukaza usitegemee taa izime saa hiyohiyo, inachukua siku kadhaa za kuendesha, manake kompyuta ya gari mpaka ijipime ione kosa halijarudi kwa mizunguko mitatu mfululizo ya kuwasha, kuendesha na kuzima ndo inaizima.

Sasa kwanini taa inawaka na wewe husikii kitu? Kwasababu hii taa haikuwekwa kwa ajili ya raha ya dereva, iliwekwa kwa ajili ya moshi. Jimbo la California ndo walianza kudai gari ijichunguze yenyewe, kuanzia magari ya mwaka 1988, halafu mwaka 1996 Marekani nzima ikawa lazima magari mapya yawe na mfumo mmoja unaofanana, Ulaya wakafuata 2001 kwa ya petroli na ya dizeli baadaye kidogo. Kompyuta inaangalia sensa zake (vifaa vyake vya kupimia) muda wote, ikiona kuna kitu kinachoweza kufanya moshi uwe mchafu kuliko inavyoruhusiwa inawasha taa, hata kama mguu wako hausikii tofauti yoyote. Tena kwa makosa mengi haiwashi mara ya kwanza, inaliandika kosa kimyakimya, inasubiri ilione tena safari nyingine, ndo inawasha. Kwa hiyo ukiona taa ujue kwa kawaida kitu chenyewe kimeshaonekana zaidi ya mara moja.

SWALI: Nilikuwa napandisha mlima na familia ndani ya gari, taa ikaanza kupepesa, gari ikawa inatetemeka na kukosa nguvu, nyuma kuna harufu kali. Nikakanyaga mafuta zaidi ili nifike juu nitafute pa kusimama. Nilifanya sawa?

JIBU: Dada yangu, kutaka kufika sehemu salama na watoto ni sawa kabisa, hilo sikulaumu, ila kukanyaga mafuta ndo kitu ambacho gari ilikuwa inakuomba usifanye. Taa ikipepesa maana yake injini inamisi, silinda moja au zaidi haichomi, na inamisi kiasi ambacho kompyuta imeona masega yanaharibika sasa hivi, sio kesho. Masega ni kile chombo kwenye bomba la eksozi kinachosafisha moshi, ndani yake kuna vitundu vidogovidogo vingi. Petroli ambayo haijachomwa kwenye silinda inatoka hivohivo mbichi na hewa yake inaenda kuwakia ndani ya masega, yanapata joto ambalo hayakuumbiwa, vile vitundu vinayeyuka na kuziba. Unavyozidi kukanyaga ndo unavyozidi kuyamwagia petroli. Kitu ambacho kingeisha kwa kubadilisha plagi (inayotoa cheche ndani ya silinda) au koili (inayoipa plagi umeme) kinageuka kuwa plagi pamoja na masega, na masega ni kati ya vipuri vya bei mbaya kwenye gari yoyote ile.

Siku nyingine ikitokea, toa mguu kwenye mafuta, washa taa za tahadhari, sogea pembeni sehemu salama, zima. Usipaki juu ya majani makavu, nakuomba sana, maana eksozi ikiwa kwenye hali hiyo inaweza kuyawasha moto. Kama ulipolegeza mguu taa ikaacha kupepesa ikabaki imetulia, unaweza kusogea polepole mpaka gereji ya karibu bila kubeba mzigo wala kupandisha milima kwa nguvu. Kama inaendelea kupepesa hata ukienda polepole, ita gari ya kuvuta.

Fundi akichomeka mashine ya kupimia kwenye kompyuta ya gari atakuta namba ya kosa inayoanza na P030. P0300 ni kwamba inamisi bila mpangilio maalum, P0301 silinda ya kwanza, P0302 ya pili, hivyohivyo. Na hapa kuna kipimo ambacho hakigharimu chochote na mwambie fundi afanye mbele yako. Tuseme imeandika P0303. Injini ikiwa imezimwa anachukua koili ya silinda ya tatu anaihamishia ya kwanza, ya kwanza anaileta ya tatu, anafuta namba, mnawasha na kuendesha kidogo. Namba ikirudi P0301 basi koili ndo mbovu, imehama na ugonjwa wake. Ikibaki P0303, koili ni nzima, sasa anahamisha plagi kwa mtindo uleule, akimaliza hapo anaenda kwenye nozeli (inayopulizia mafuta), halafu kompresheni (mgandamizo wa ndani ya silinda). Hivyo unanunua kitu kimoja tu, kile kilichokufa. Fundi anayesema tubadilishe koili zote na plagi zote halafu tuone, huyo anapima kwa mfuko wako.

SWALI: Gari yangu ilisoma P0171. Fundi akasema ni oksijeni sensa, nikanunua, taa ikazima wiki mbili ikarudi. Nikanunua nyingine nikijua ile ilikuwa feki, ikarudi tena. Sasa ananiambia tubadilishe kompyuta. Nimechoka.

JIBU: Pole sana ndugu yangu, na kompyuta usiinunue. Swali lako nalijibu kwa kirefu kwasababu ndo kosa linalokula hela za watu kuliko yote, kufikiri kwamba namba inataja kipuri cha kununua. Haitaji. Inataja kitu ambacho kompyuta imekiona hakijakaa sawa, kutafuta sababu ni kazi ya binadamu.

Tuisome hiyo namba pamoja. P ni upande wa injini na giaboksi (ukikuta B ni bodi, C ni mambo ya breki na chasisi, U ni vifaa kushindwa kuwasiliana). Sifuri inayofuata ni kwamba hii namba ni ya magari yote, ingekuwa 1 mara nyingi inakuwa ya kampuni iliyotengeneza gari, kwa hiyo maana yake unatafuta kwenye kitabu cha gari hiyohiyo. 1 iliyo nafasi ya tatu ni mambo ya hewa na mafuta. P0171 nzima nzima inasema upande wa kwanza wa injini unapata hewa nyingi kuliko mafuta, na kompyuta imejitahidi kuongeza mafuta mpaka imefika mwisho wa uwezo wake.

Sasa nani kamwambia kompyuta kwamba hewa imezidi? Oksijeni sensa, ile iliyoko kwenye eksozi inayopima oksijeni kwenye moshi. Yani sensa ndo iliyotoa taarifa, na wewe umeitoa uliyekuwa nayo ukaweka nyingine, nayo imekuja imekuta hewa imezidi kweli ikatoa taarifa ileile. Mara chache sensa yenyewe inakuwa mbovu, na mara nyingi ikifa inaacha namba zake yenyewe, kwa mfano P0135 ambayo ni hita ya ndani ya sensa ya mbele. Wewe hiyo hukuwa nayo.

Kinachoingiza hewa ya ziada kwa kawaida ni mpira wa vakyumu uliopasuka, gasketi ya manifodi iliyochoka, au bomba la kutoka kwenye eya klina limechanika baada ya sensa ya hewa (ile inayopima hewa inayoingia kwenye injini). Upande wa pili ni mafuta kuwa machache, pampu imechoka, filta ya mafuta imeziba, nozeli chafu. Na katikati kuna sensa ya hewa yenyewe iliyochafuka, inadanganya kwamba hewa iliyoingia ni kidogo, kompyuta inapima mafuta kidogo. Hii inasafishwa kwa dawa yake maalum ya kupuliza, sio ya kabureta na wala usiiguse kwa kidole au kitambaa, kile kiwaya chake ni chembamba sana.

Utajuaje ni ipi? Hapa mashine ya kupimia ndo inaonyesha thamani yake, na mafundi wengi wanasoma namba tu wanaizima. Mwambie afungue taarifa za moja kwa moja wakati injini inaunguruma, aangalie asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza. Ikiwa asilimia iko juu sana gari ikiwa imesimama inaunguruma tu, halafu ukipiga resi mpaka mizunguko kama 2,500 kwa dakika ukaishikilia ikashuka kuelekea sifuri, hewa inaingia kwa pembeni, tafuta mpira uliopasuka au gasketi. Sababu ni kwamba tundu ni lilelile, injini ikivuta hewa kidogo tundu linaonekana kubwa, ikivuta nyingi tundu linamezwa. Ikiwa kinyume chake, imesimama iko vizuri lakini ukikanyaga barabarani asilimia inapanda, angalia pampu, filta na sensa ya hewa. Dakika chache tu hizo, kabla ya kununua kipuri hata kimoja. Halafu wapulize moshi maalum kwenye mfumo wa hewa waone unatokea wapi, gereji zenye hiyo mashine zinakupa jibu haraka.

Ile taa kuzima wiki mbili isikudanganye kwamba sensa ilisaidia. Alifuta namba, kompyuta ikaanza kujifunza upya, ikachukua muda kuona kosa tena. Ndo hivyo tu.

SWALI: Yangu ni P0420, nimeambiwa dawa ni kutoa masega tu, gari itakuwa hata na nguvu zaidi. Ni kweli?

JIBU: Usitoe. P0420 inasema masega hayasafishi moshi inavyotakiwa, na kompyuta imejua hivyo kwa kulinganisha sensa mbili, moja iko kabla ya masega nyingine baada. Masega mazima yanatunza oksijeni ndani yake, kwa hiyo sensa ya nyuma inatakiwa itulie hata kama mchanganyiko huko mbele unapanda na kushuka. Ya nyuma ikianza kupanda na kushuka inamwiga wa mbele, masega yamechoka. Sasa ukiyatoa kabisa sensa ya nyuma itaona moshi mchafu zaidi, taa itabaki palepale, na itabidi mtu aanze kuidanganya kompyuta, halafu gari yako inawatemea watu sumu njiani. Nchi nyingi ni kosa la kisheria pia. Nguvu unayoambiwa itaongezeka utaisikia tu kama masega yalikuwa yameziba, na kuziba kuna kipimo chake cha presha, sio cha kukisia.

Kabla ya kununua masega mapya hakikisha kwanza eksozi haivuji karibu na sensa, kwasababu hewa ya nje ikiingia hapo inaharibu hesabu yote. Halafu jiulize masega yamekufa na nini. Yenyewe hayafi tu, kwa kawaida yameuliwa: injini ilikuwa inamisi muda mrefu ukavumilia, au inakula oili, au maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Usipotibu hicho masega mapya nayo yatakufa.

SWALI: Nikichomoa betri dakika kumi taa inazima. Kuna ubaya gani kufanya hivyo kila ikiwaka?

JIBU: Ubaya ni kwamba unachoma barua kabla hujaisoma. Kosa likitokea kompyuta haiandiki namba tu, inapiga picha ya hali ilivyokuwa sekunde ile, mizunguko ya injini, kasi, joto la maji, injini ilikuwa inabeba mzigo kiasi gani. Ile picha ndo inamwambia fundi kama kosa linatokea asubuhi injini ikiwa baridi au ukiwa kwenye mwendo mkali. Ukichomoa betri kwenye magari mengi vyote vinafutika pamoja na yale iliyojifunza kuhusu mafuta na giaboksi, ndo maana gari inaweza kuunguruma vibaya au kubadilisha gia kwa kushtuka siku za mwanzo. Redio nyingine zinajifunga mpaka uweke namba ya siri.

Andika namba kwanza, piga picha skrini ya mashine, kila kitu, hata zile namba ambazo hazijawasha taa bado. Ndo ufute. Na kama unaweza nunua kile kifaa kidogo cha kuchomeka kinachoongea na simu kwa Bluetooth, tundu lake lina pini 16 na kwa kawaida liko chini ya dashibodi upande wa dereva, utasoma mwenyewe ukiwa nyumbani. Kinatosha kwa injini, ila cha bei ya chini usikitegemee kusoma mambo ya ABS na eyabegi.

SWALI: Nataka kununua gari iliyotumika, muuzaji anasema angalia mwenyewe, hakuna taa hata moja. Niamini?

JIBU: Angalia kweli, ila anzia mahali ambapo wengi hawaangalii. Washa swichi bila kupiga stata. Taa ya cheki injini inatakiwa IWAKE hapo, inajipima, halafu injini ikishawaka izime. Ikiwa haiwaki kabisa ukiwasha swichi, basi mtu ameitoa balbu, ameifunika au amekata waya, na hakuna sababu nzuri ya kufanya hivyo. Angalia pia isiwe inazima sambamba kabisa na taa nyingine, ya oili kwa mfano, kuna watu wanaunganisha waya wake na wa taa nyingine ili ziwake na kuzima pamoja.

Taa ikiwaka na kuzima vizuri bado hujamaliza, anaweza kuwa amefuta namba asubuhi ile. Nenda na kifaa chako uchomeke. Kila gari inayofuata ule mfumo wa 1996 na kuendelea ina orodha ya vipimo inavyojifanyia yenyewe, na kila kimoja kinaonyesha kimekamilika au bado. Ukifuta namba vinarudi vyote kuwa bado, na vinahitaji siku za kuendesha kwa namna tofauti mpaka vikamilike, hata kile cha mvuke wa petroli kwa kawaida hakianzi mpaka injini iwashwe ikiwa baridi na tenki lisiwe limejaa wala limekauka. Ukikuta vingi havijakamilika na muuzaji anasema hajagusa gari, muulize betri ilichomolewa lini. Magari mengi yanaandika pia kilomita zilizotembea tangu namba zifutwe, hiyo ni taarifa ambayo wauzaji wengi hawajui kama ipo. Ukiona gari ya miaka kumi imetembea kilomita 6 tangu ifutwe, mrudishie funguo kwa heshima au mkubaliane uendeshe kwa siku mbili tatu halafu mpime tena. Na kwenye magari ya soko la Marekani kuanzia kama mwaka 2010 kuna namba za kudumu ambazo mashine haiwezi kuzifuta, zinatoka tu kompyuta yenyewe ikijiridhisha kwamba kosa limeisha, kwa hiyo hizo nazo waombe wakufungulie uzione.

Akikataa usichomeke kifaa, usinunue hiyo gari.